Rakori Iliyokatikia Ndani ya Moteri

Ilikuwa wakati wa baridi, siku ya Alhamisi, hata saa moja ya asubuhi haijafika. Mama mmoja wa kanisa letu hapa Likasi akapiga hodi mlangoni. Hakutaka kuketi wala kunywa chai.

«Pasta, mukuye mbio. Bisi yangu iko mu garaji, imekufa. Ule mutoto wenu wa korali njo aliivunja. Mwenye garaji anasema moteri yote itatoka.»

Wapenzi wasomaji, bisi hiyo ni Toyota Hiace ya dizeli, si mpya. Mume wa mama huyu aliiacha alipokufa. Inabeba watu na mizigo kati ya Likasi na Kolwezi, na kwa franga zake watoto wanne wanasoma. Siku inaposimama, nyumba yote inasimama. Na kijana aliyeshitakiwa ni mtoto wa nyumba nyingine ya kanisa. Ana miaka 18. Anajifunza ufundi katika garaji ile mwaka wa pili sasa, bila mshahara, anapata chakula cha saa sita tu. Mwenye garaji alikuwa amekwisha kusema: alipe ao aondoke.

Tulipofika tulikuta watu wamezunguka gari, kila mmoja anasema lake. Kijana alisimama peke yake karibu na ukuta, mkono ndani ya mfuko.

Kidude kidogo, kazi kubwa

Kwanza tueleze kitu kilichovunjika, kwa maana wengi wetu tunapanda motokari kila siku bila kujua.

Ndani ya moteri kuko pompi inayosukuma mafuta mazito katika vijia vidogo, mpaka yafike kila mahali chuma kinaposugua chuma. Katika moteri yenye afya, iliyopata moto na inayotembea, nguvu ya mafuta hayo huwa karibu bari 2 mpaka 5. Kwenye ubavu wa moteri kuko tundu lenye meno, na ndani ya tundu hilo inafungwa kapteri ndogo yenye waya. Mafuta yakikosa nguvu, kapteri inawasha lampi nyekundu kwenye tablo, mbele ya shofa.

Mwenye bisi alipenda kujua zaidi ya lampi. Miaka miwili nyuma alikuwa ameomba wamtilie manometri, ile saa yenye mshale unaoonyesha nguvu ya mafuta. Ili vitu viwili vikae kwenye tundu moja, fundi alifunga rakori ya namna ya te: mguu mmoja unaingia katika moteri, mkono mmoja unashika kapteri ya lampi, mkono mwingine unashika kapteri ya manometri, ambayo ni nene kama kopo dogo na nzito.

Jumatano jioni, kilometa chache kabla ya kuingia mjini, lampi iliwaka. Shofa alifanya neno la akili: alizima moteri palepale, akashuka. Mafuta yalikuwa yanachuruzika ubavuni. Te ilikuwa imekatika, na mguu wake ulibaki ndani ya moteri, sawasawa na uso wa chuma, bila kitu cha kushika. Gari ilivutwa kwa kamba mpaka garaji.

Tuseme wazi kwa ajili ya mashofa wanaotusoma: kama angesema «nifike tu», moteri ingekufa kweli. Bila mafuta, vyuma vinavyoshika vilebrekeni vinaungua kwa muda wa dakika tu. Hasara ya rakori moja ingekuwa hasara ya moteri nzima.

Mzee hakushika nyundo

Mwenye garaji alikuwa amejaribu usiku. Alipiga turnevisi kubwa ndani ya kile kipande, akazungusha kwa nguvu. Mdomo wa shaba ulipasuka kidogo, kipande hakikusogea. Sasa alisema ni lazima kutoa moteri na kuipeleka Lubumbashi kwa watu wenye mashini, mwendo wa kilometa karibu 120. Mama aliuliza bei. Aliposikia, aliketi juu ya gurudumu.

Nikakumbuka mzee mmoja wa kanisa letu, aliyekuwa ajisteri katika atelye ya migodi miaka mingi. Leo anakaa nyumbani, anafuga kuku. Nikamwomba, akaja na mfuko mdogo wa kitambaa.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba taa na kitambaa safi. Alipangusa tundu, akaangalia muda mrefu. Kisha akauliza, «Kipande kingine kiko wapi? Kile cha inje.»

Mwenye garaji akasema kilitupwa. Hapo kijana akatoa mkono mfukoni. «Niko nacho, Baba.»

Mzee alikipokea, akakitazama karibu na taa, akakifunga katika karatasi bila kusema neno. Watu wakaanza tena: huyu mtoto alikuwa wa mwisho kukishika, yeye ndiye. Mzee akawakata:

«Tutoe kwanza. Kisha tutaongea makosa. Muntu mwenye kasirani hatoe kitu mu moteri.»

Shaba na zinki

Rakori hiyo ilikuwa ya laito, yaani shaba ya manjano. Sisi wa Katanga tunaijua bila kujua: laito ni shaba na zinki zilizoyeyushwa pamoja. Mababa zetu walichimba vyote viwili Kipushi, katika mgodi uliofunguliwa mwaka 1924, ukasimama mwaka 1993, na ukaanza tena mwaka 2024.

Laito haishiki kutu kama chuma, na inachongeka kwa urahisi. Kwa hiyo mafundi wanaipenda kwa rakori. Lakini ni laini kuliko chuma. Ukiitundikia kitu kizito na kuitetemesha kila siku barabarani, inachoka, na ufa unaanza pale ambapo meno yanaingia katika moteri, kwa maana hapo ni shingo na hapo uzito unavuta.

Neno lingine: meno ya rakori hizi hayako sawa na meno ya buloni. Buloni ina unene mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Rakori ya mafuta ya Toyota ni ya namna ya kabari: katika kila milimita 16 za urefu, unene unaongezeka milimita 1. Kadiri inavyoingia ndivyo inavyobana yenyewe. Haihitaji mkono wa nguvu. Anayeikaza kama buloni ya gurudumu anapasua kabari.

Namna tulivyoitoa

Mwenye garaji alitaka kuleta moto wa kusude, apashe moteri. Mzee alikataa, akatoa sababu mbili.

Ya kwanza, mahali pale pamelowa mafuta, na mipira ya dizeli iko karibu. Garaji zimeungua kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Ya pili ni hesabu. Laito inavimba kwa moto kuliko chuma cha moteri. Chukua fimbo ya mita 1 ya laito, uipashe digri 100: itaongezeka karibu milimita 2. Fimbo ya chuma cha moteri kama hiyo itaongezeka karibu milimita 1 tu. Basi ukipasha vyote pamoja, kipande kinajibana zaidi ndani ya tundu. Moteri ya alimini ni jambo lingine, kwa maana alimini inavimba kuliko laito, na tundu linafunguka. Hiace yetu ni ya chuma.

«Kila chuma na tabia yake,» mzee akasema. «Ujue tabia, kisha ushike kle.»

Alisafisha tundu kwa brosi ndogo, akatia matone ya mafuta ya kupenya pembeni ya kipande, pale meno yanapokutana. Akagonga chuma cha pembeni kidogo kidogo kwa mpini wa nyundo, si kipande chenyewe, ili mafuta yaingie. Akatia tena, akaosha mikono. «Tuonane kesho.»

Mama alilalamika: siku moja tena bila kazi! Mzee akamjibu kwa upole, «Mama, leo ninakuomba siku moja. Nikifanya mbio, nitakuomba mwezi.»

Kijana aliachiwa kazi ya kutia matone saa nane, saa kumi na mbili, na tena usiku. Alifanya hivyo. Mlinzi wa garaji alituambia kwamba alilala palepale.

Ijumaa asubuhi mzee alifika na tupa kuukuu. Mkia wa tupa, ule unaoingia katika mpini, ni wa pembe nne na unakwenda ukichongoka. Alikuwa ameusaga kwenye jiwe mpaka ukalingana na tundu la rakori. Hapo iko faida ya rakori: katikati ina tundu tayari, lile la kupitisha mafuta. Buloni iliyokatika inahitaji kutobolewa kwanza kwa perseze, na hapo wengi wanakosa katikati na kuharibu meno ya moteri.

Kabla ya kuingiza kitu, alisukuma grisi nzito ndani ya tundu, mbali kidogo, ili vipande vya laito vinase humo na visiende katika njia ya mafuta. Akavaa miwani, akamvalisha kijana vilevile, kwa maana chuma cha tupa ni kigumu na kikipigwa kinaweza kuruka vipande. Akaugonga ule mkia mara mbili, pole, kwa nyundo ya mti. Mara mbili tu. Ukipiga sana, kabari inasukuma kuta za laito kwa inje, na kipande kinabana kuliko mbele. Ndiyo kosa la turnevisi ya ule usiku.

Kisha akampa kijana kle ndogo. «Weye njo utafungua. Kushoto. Vuta, achia. Vuta, achia. Usitafute kushinda. Sikia mkono.»

Sijui muda gani ulipita. Mimi nilikuwa ninaomba moyoni, na nadhani mama pia. Kijana alivuta, akaachia. Kisha akainua uso: «Baba, imesogea.»

Mzee hakushangilia. «Endelea vilevile.» Robo ya mzunguko. Nusu. Kipande kikatoka juu ya mkia wa tupa, kidogo kama jino la mtoto.

Kama kingekataa

Nilimwuliza mzee angefanya nini kama kisingetoka. Ninaandika jibu lake kwa faida ya vijana walio katika kazi hii.

Angechukua lamu ya msumeno wa chuma, aifunge kitambaa upande mmoja ili isikate mkono, kisha akate laito toka ndani, mstari mmoja kwa urefu, na mwingine karibu nao. Laito ni laini, inakatika upesi. Lazima kusimama kabla ya kugusa meno ya moteri: unaangalia kila baada ya mara chache, kwa taa. Kisha kwa patasi ndogo unakunja kile kipande katikati ya mistari kuelekea ndani, na mduara ukiisha kufunguka, rakori haina nguvu tena ya kubana.

Juu ya ekstrakteri, kile chombo chenye meno ya kushoto kinachouzwa sokoni, alionya sana. Kinafaa, lakini ni kigumu na kinakatika kama kioo. Kikikatikia ndani, meshi ya kawaida haikitoboi. Hapo ndipo moteri inatoka kweli na kwenda kwenye mashini.

Kutia kipya

Kazi haikuisha. Mzee alitoa grisi kwa waya uliokunjwa. Kijana akaleta sumaku ya kuokota vumbi la laito. Mzee akacheka. Sumaku haishiki laito! Basi walifanya hivi: walijaza mafuta yaliyopotea, wakatoa waya unaofungua dizeli kwenye pompi ya injeksio ili moteri isiwake, wakaweka beseni chini ya tundu, wakazungusha moteri kwa demareri sekunde chache. Mafuta yalitoka kwa tundu yakisukuma nje vumbi lililobaki.

Meno ya tundu yalisafishwa kwa tarodi yake. Hapa tena kuko mtego. Rakori ya Toyota ya namna hii inaitwa moja ya nane, yenye unene wa karibu milimita 9,7 na meno 28 katika inchi moja. Iko nyingine ya Kiamerika, moja ya nane vilevile, lakini ina meno 27. Kwa macho hazina tofauti. Ile isiyo yake inaingia mizunguko michache, kisha inakaza, na fundi asiyejua anadhani imefika. Ndiyo maana mzee hakununua mpaka amepima sokoni, jino kwa jino, na kipande cha zamani mkononi.

Hakurudisha te pale. Kwenye moteri alitia rakori fupi ya chuma, na toka hapo mpira mfupi wa kushika nguvu ya mafuta. Te na kapteri nzito vikafungwa kwa buloni kwenye ubati wa pembeni, mahali pasipotetemeka sana, pamoja na waya wa masi, maana kapteri hizi zinapata masi kwa njia ya moteri. Uzi wa kuziba ulianza jino la pili, si la kwanza, ili kipande kisikatike na kuziba njia ya mafuta. Akakaza kwa mkono, kisha kwa kle fupi, mzunguko mmoja na kidogo. Basi.

Waya wa dizeli ukarudishwa. Moteri ikawaka. Lampi ikazimika baada ya sekunde mbili ao tatu. Tulikaa robo saa tukiangalia: hakuna tone.

Nani alivunja?

Hapo mzee alifungua karatasi. Aliweka vipande viwili juu ya meza, uso wa mmoja mbele ya uso wa mwingine, akawaita mwenye garaji, mama, kijana na mimi.

«Angalieni.» Upande mmoja wa mkatiko ulikuwa mweusi, laini, wenye mistari kama ile ya ndani ya mti uliokatwa. Upande mwingine, mdogo, ulikuwa unang'aa kama dhahabu na wenye chembe. «Hii ya kungaa ni ya Jumatano. Hii nyeusi ni ya zamani, mafuta iliingia humo siku nyingi. Siwezi kusema siku gani ilianza. Haikuanza jana.»

Na sehemu nyeusi ilianza upande wa juu, pale uzito wa kapteri ulipokuwa unavuta. Mwenye garaji aliangalia chini. Yeye ndiye aliyefunga ile te miaka miwili nyuma.

Watu wangeweza kuishia hapo, na kijana angetoka safi. Lakini yeye mwenyewe akasema, kwa sauti ndogo: «Baba, mi pia niko na kosa. Juma tatu mbele, mafuta ilikuwa inatoka kidogo pale. Baliniambia nikaze. Nilikaza na kle, ikakataa, nikatia tiyo kwa kle. Nilisikia kama iliregea kidogo. Sikusema.»

Mama alinyamaza muda. Kisha akamwuliza, «Mbona hukusema?»

«Niliogopa kufukuzwa, Mama.»

Mzee alimwambia neno ambalo ningependa vijana wetu wote walisikie. Siku ile mafuta yalipoanza kutoka, rakori ilikuwa inasema kwamba ina ufa. Kama angesimama na kuonyesha, mguu wake ulikuwa bado mzima, ungetoka kwa kle kwa dakika tano. Baada ya kunyamaza, ulihitaji siku mbili, na ulikaribia kuua moteri. Kisha akamgeukia mwenye garaji: «Na weye, patron, mutoto akiogopa kukwambia, hii garaji itavunja vitu vingi.»

Walipatana hivi: mama alilipa rakori, mpira na mafuta, mwenye garaji hakudai kazi, kijana alibaki. Mzee hakutaka kitu. Mama alimpelekea unga.

Jumamosi saa kumi na moja ya alfajiri bisi iliondoka kwenda Kolwezi, imejaa. Kijana alikuwa ameamka kuangalia chini yake kwa taa kabla haijatoka. Na juu ya meza ya garaji, karibu na dirisha, vipande viwili vya laito vingali pale. Mwenye garaji mwenyewe ndiye aliyekataza visitupwe. Kijana mpya akiingia kujifunza kazi, wanamwonyesha kwanza hivyo.

Tukumbuke

Lampi nyekundu ya mafuta ikiwaka, zima moteri palepale.

Rakori inayotoa mafuta usiikaze kwa nguvu. Itoe, uiangalie.

Kipande kilichokatika usikitupe. Kinaeleza kisa chake.

Kapteri nzito usiitundike kwenye laito. Ifunge pembeni, kwa mpira.

Na ukiharibu kitu cha mtu, sema siku ileile, wakati bado kinashikika kwa kle.